Kompyuta yetu ya sebuleni na tarehe 14 Oktoba

Kompyuta yetu inakaa sebuleni pembeni mwa kabati la vyombo, imefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma kama redio za wazee wetu zilivyokuwa zikifunikwa. Ni Dell ya mezani iliyofanya kazi ofisini Ulaya kabla ya kuletwa Kampala. Nilijua ilikotoka siku ile ile ya kwanza nilipojaribu kuandika sentensi. Kibodi yake ni ya Kijerumani: Z imechapwa palipo na Y, na Y palipo na Z. Wengine hawatajali. Mimi nafundisha Kiswahili hapa Tororo, na kwangu "nyumba ya mwalimu" ilikuwa inageuka "nzumba za mwalimu", ngeli zote zinavurugika kwa kidole kimoja. Nilikata vipande viwili vya plasta ya kidonda, nikaandika juu yake herufi sahihi kwa kalamu ya wino, nikavibandika. Vipo mpaka leo, vimekuwa vya kijivu.

Mwezi wa Septemba 2025 mashine hiyo ilitoa tangazo lililojaza skrini nzima, kwamba Windows 10, mfumo endeshi wake, itaacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba. Binti yangu alikuwa anachapa kazi yake ya mradi. Akageuka na uso wa mtu aliyeambiwa habari ya msiba.

"Mama, itazimika?"

Nikamwambia haizimiki. Tarehe 15 itawaka kama ilivyowaka tarehe 13, na faili zake zitakuwa pale pale. Kinachokoma ni viraka. Kila Jumanne ya pili ya mwezi Microsoft hutoa viraka vya kuziba matundu ambayo wezi wa mtandaoni wameyagundua au wako karibu kuyagundua. Viraka vikikoma, matundu mapya yanabaki wazi, na kila mwezi yanaongezeka. Nyumba haibomoki siku hiyo, ila hakuna tena anayekuja kutengeneza vitasa.

Alitulia, akarudi kwenye mradi wake. Mimi sikutulia, kwa sababu nina historia na jambo hili.

Mwaka 2016 tulikuwa na kompyuta nyingine, nzito, yenye Windows 7. Pembeni mwa skrini palikuwa na alama ndogo ikiniita kila siku: pandisha toleo, chukua Windows 10 bure. Ofa ilikuwa inafungwa tarehe 29 Julai 2016, mwaka mmoja kamili tangu Windows 10 itoke. Neno "bure" lina nguvu kwa mwalimu. Wiki ya mwisho nikanunua bando la usiku, nikaacha mashine ipakue, na mnamo saa nne usiku nikabonyeza kukubali. Ikaja skrini yenye duara na asilimia katikati. Nikakaa kitini kuitazama kama mtu anayeangalia maziwa yasimwagike. Ilipofika thelathini na kitu, nyumba nzima ikawa giza.

Nilidhani stima imekatika mtaa mzima. Nikachungulia dirishani: kwa jirani taa inawaka. Zilikuwa yuniti zetu za Yaka, umeme wa kulipia kabla, zimeisha. Nilikuwa nimeandaa bando, nimeandaa muda, nimewatuma watoto wakalale, na sikuangalia mita. Mpaka nikanunua tokeni kwa simu na kuziingiza, nusu saa ilikwisha. Mashine ilipowaka tena iliandika kwamba inarudisha toleo la zamani, kisha ikabaki na skrini nyeusi na vidoti vinavyozunguka. Nikasubiri, nikaogopa, nikaizima kwa kubonyeza swichi mpaka ikakata. Asubuhi nikaipeleka kwa fundi.

Baadaye nilielewa kwamba katika kupandisha toleo kwa njia ile, Windows haifuti nyaraka za mtu. Huweka ya zamani kwenye folda yake na kujaribu kurudi nyuma mambo yakienda mrama. Yamkini saa moja zaidi ya subira ingetosha. Lakini fundi alikuwa kijana mchangamfu mwenye wateja watatu nyuma yangu. "Mwalimu, hii tunapiga upya, dakika arobaini tu." Nikasema sawa, piga. Yeye hakuniuliza kilichomo ndani, na mimi sikumwambia. Alifuta diski yote, akaweka Windows 7 ya kuchakachua, akanikabidhi mashine safi kabisa.

Ndani yake kulikuwa na notsi za miaka sita, mitihani yote niliyotunga, na sauti ya bibi yangu. Likizo ya Desemba 2013 nilikwenda kwake Bombo na kinasa sauti cha kuazima, akanisimulia hadithi saba, nyingine kwa Kiswahili, nyingine kwa Kinubi, nyingine zikirukaruka kati ya lugha hizo mbili kama anavyoongea yeye. Nilizihamishia kwenye kompyuta, kinasa nikakirudisha kwa mwenyewe. Sikuwa na nakala nyingine. Desemba 2016 nikarudi Bombo na simu, nikamwomba anisimulie tena. Alinisimulia mbili. Nyingine aliniambia, "Hizo nilishakupa, mwanangu," na hakutaka kuzirudia. Alifariki baada ya miaka miwili. Hadithi tano sinazo.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu watu wakizungumzia kubadili mfumo endeshi huanza na mashine: ina ramu ngapi, prosesa gani, itakuwa nyepesi au nzito. Mimi swali langu la kwanza siku hizi ni vitu vyangu viko wapi, na viko mahali pangapi. Mpaka nilipolijibu hilo, sikugusa kitu kingine.

Ila lazima niseme pia kwamba msiba ule ulinisukuma upande wa pili, na upande wa pili nao ulikuwa mbaya. Kuanzia 2016 mpaka 2021 sikukubali mashine ibadilishe chochote. Nilizima masasisho yote. Mwezi wa Mei 2017 ilipovuma habari ya WannaCry, kirusi kilichofunga kompyuta duniani na kuvuruga hospitali za Uingereza, nilisoma kama mtu asomaye habari za mbali. Sikujua kwamba kiraka cha tundu lile kilikuwa kimetolewa tangu Machi, miezi miwili kabla, na walioumia wengi ni wale wasiokiweka, wengi wao wakitumia Windows 7 kama mimi. Januari 2020 Windows 7 yenyewe ikaachwa. Nikaendelea nayo.

Kilichonikuta hakikuja hata kwa intaneti. Kilikuja kwa flashi. Sisi walimu tunatunga mtihani nyumbani, tunaubeba kwenye flashi mpaka steshonari, unachapwa, unatolewa fotokopi, flashi inarudi nyumbani. Ile kompyuta ya steshonari imechomekwa flashi za mji mzima. Siku moja kabla ya mtihani wa katikati ya muhula nikafungua flashi yangu nikakuta kila folda imegeuka kijialama cha njia ya mkato, na nikibonyeza hakuna kinachofunguka. Kwenye kompyuta ya nyumbani hali ilikuwa hiyo hiyo. Nilikaa sakafuni. Mwalimu mwenzangu wa Fizikia ndiye aliyekuja na kunionyesha kwamba faili hazijapotea, zimefichwa tu, akazifichua kwa amri ya attrib. Mtihani ukafanyika. Lakini kirusi kiliendelea kurudi kila baada ya wiki chache, kwa sababu ile Windows ya kuchakachua ilikuwa imewekwa kwa kuzima kinga kwanza. Kikulacho ki nguoni mwako: mlango ulifunguliwa na yule yule aliyenitengenezea.

Shule zilipofungwa Machi 2020 na kuendelea kufungwa, mashine ile nzito ikafa kabisa. Mwaka 2021 nilikuwa natuma kazi kwa wanafunzi kwa njia ya simu za wazazi, ndipo nikapanda basi kwenda Kampala nikarudi na hii Dell ya plasta, yenye Windows 10 halali.

Basi hapo ndipo nilipokuwa Septemba ile ya 2025, nimeshachomwa pande zote mbili. Wazee wanasema usiache mbachao kwa msala upitao, na ni methali ninayoipenda, nimeifundisha kwa madarasa mengi. Lakini mbachao wenyewe ukianza kutoboka unafanya nini?

Nikaanza na diski ya nje. Nilinunua moja, nikanakili kila kitu, kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya: nilifungua faili kumi hivi kutoka kwenye nakala ile, kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kuona kama kweli zinafunguka. Mbili zikakataa. Nikazinakili upya. Zile hadithi mbili za bibi nikaziweka pia kwenye akaunti ya mtandaoni na kwenye simu ya dada yangu Bombo.

Kisha ndiyo nikaiuliza mashine. Microsoft wana programu yao ndogo ya kukagua kama kompyuta inafaa kwa Windows 11, inaitwa PC Health Check. Jibu likaja dakika ile ile: prosesa haikubaliki. Yangu ni Core i5-6500. Anayetaka kujua ya kwake bila programu yoyote aangalie namba baada ya kistari: 6500 ni kizazi cha sita, 8500 ni cha nane, na zikiwa tarakimu tano kama 10400, mbili za mwanzo ndizo kizazi. Kwa prosesa za Core za Intel, Windows 11 inaanza na kizazi cha nane, isipokuwa chache sana. Inataka pia ramu ya GB 4 au zaidi, diski ya GB 64, na chipu ya usalama iitwayo TPM toleo la 2.0. Ramu ninayo ya GB 8, nafasi ninayo. Kizazi sina.

Inauma kuambiwa hivyo na mashine inayofanya kila unachoitaka. Haikwami, haipigi kelele, inachapa, inafungua majedwali ya maksi. Kompyuta nyingi tunazonunua mitumba hapa Uganda ni za rika hili, na nadhani walioweka mstari ule hawakuwa wanafikiria sebule kama yangu.

Fundi mmoja mjini aliniambia nisihangaike: "Mwalimu, nakupigia kumi na moja leo leo, kuna njia." Njia ipo kweli, nimeiona. Unatengeneza flashi inayoruka ukaguzi, na Windows 11 inaingia. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine isiyotimiza masharti haina uhakika wa kupata masasisho, na mimi nilikuwa natafuta masasisho, si sura mpya. Mwalimu mwenzangu alifanya hivyo kwenye laptopu yake; inakwenda vizuri, ila toleo kubwa la kila mwaka haliletwi lenyewe, mpaka aliweke kwa mkono. Yeye anaweza. Mimi ningejikuta tena mlangoni kwa fundi nikisema sawa, piga.

Kununua nyingine nilifikiria. Laptopu ya mtumba ya kizazi cha nane ni zaidi ya mshahara wangu wa mwezi. Mimi ni mwalimu wa lugha, si wa sayansi, na walimu wa Uganda wanajua uzito wa tofauti hiyo tangu mwaka 2022, mishahara ya wenzetu wa sayansi ilipopandishwa na yetu ikabaki. Naweka kidogo kidogo kwenye SACCO. Haitakuwa mwaka huu wa shule.

Nilichoamua kwanza kilihusu kalenda. Oktoba ni muhula wa tatu. UCE, mtihani wa taifa wa kidato cha nne, inaanza, kisha UACE ya kidato cha sita, na maksi za tathmini za wanafunzi wote zinatakiwa. Hakuna mwezi mbaya zaidi wa kubadili mfumo wa kompyuta ya mwalimu. Kwa hiyo niliandikisha mashine kwenye mpango wa viraka vya mwaka mmoja wa ziada, unaokwisha tarehe 13 Oktoba 2026. Mpango huo una bei ya dola 30, lakini hulipi ukikubali kuingia kwa akaunti ya Microsoft na kuhifadhi mipangilio yako mtandaoni. Kiungo cha kujiandikisha nilikikuta kwenye ukurasa wa masasisho wa Windows, na kazi yenyewe haikuchukua dakika tano. Watu wengi ninaozungumza nao hawajausikia. Walisikia "mwisho 14 Oktoba" wakafikiri wana njia mbili tu, kununua mpya au kukaa wazi.

Jambo la pili nililifanya Novemba, wikendi moja, na ndilo lililobadilisha maisha ya kompyuta hii kuliko toleo lolote. Nilimpelekea fundi mwingine, karibu na steji ya magari ya Malaba, diski mpya ya SSD, ile aina ya haraka, ya GB 256. Nilimwambia kabla hajaigusa: "Mwanangu, hii ya zamani haifutwi. Inakili kwenye mpya, kisha unipe ya zamani mkononi." Akanitazama, akaelewa. Zamani nilikuwa nawasha kompyuta, naenda kubandika chai, narudi bado inajikokota. Sasa inakuwa tayari kabla sijafunua kitambaa chote. Wengi wanaotaka Windows mpya wanachokitafuta hasa ni wepesi, na wepesi mara nyingi uko kwenye diski. Ile ya zamani nimeifunga kwenye kipande cha kitenge, iko kabatini pamoja na vyeti, ikiwa na kila kitu kama kilivyokuwa siku ile.

Jumamosi nazo tumezipa Linux Mint, mfumo endeshi mwingine usio wa Microsoft. Binti ndiye aliyeanza, baada ya kusikia shuleni kwamba kuna mifumo ya bure kabisa. Uzuri wa Mint ni kwamba unaiweka kwenye flashi na kuwasha kompyuta kutoka humo humo, bila kugusa diski. Ukiichoka, unazima, unachomoa flashi, Windows yako iko kama ulivyoiacha. Faili lake ni la GB karibu tatu, tulilipakulia kwa rafiki mwenye waifai. Mimi kwenye bando la simu nimeiwekea Windows alama kwamba mtandao huu unalipiwa kwa kipimo, isije ikapakua mambo mazito bila kuniuliza, na ningemshauri kila anayetumia hotispoti afanye hivyo leo.

Sitasema Mint ilikuwa rahisi yote. Intaneti ilishika mara moja. Sauti ilitoka. Printa yetu, HP LaserJet P1102 ya zamani, ilionekana lakini ikakataa kuchapa mpaka tulipopakua kipande cha programu cha ziada kutoka HP. Mtihani wangu wa Kidato cha Tatu ulipofunguliwa kwenye LibreOffice, programu ya kuandikia inayokuja na Mint, namba za maswali zilisogea na nembo ya shule ikashuka mpaka kwenye maelekezo. Nilihuzunika kidogo. Kwa mtu anayeandika barua na kusoma, hilo si kitu. Kwa mtu ambaye karatasi yake inakwenda kuwekwa mbele ya wanafunzi themanini, kila mstari lazima ukae mahali pake, na ofisi ya shule wanatumia Word. Kwa hiyo mitihani inabaki kwenye Windows 10 mpaka viraka viishe, na kazi za binti zimehamia Mint tangu likizo ya Desemba. Flashi yangu ikitoka steshonari naifungua kwenye Mint kwanza. Vile virusi vya njia ya mkato vimeandikwa kwa ajili ya Windows, na huku vinalala tu kama faili za kawaida, naviona kwa macho na kuvifuta kabla havijafika kwenye mitihani.

Tulipowasha Mint mara ya kwanza, binti alipitia mipangilio, akaona jina la kibodi yetu limeandikwa chini yake, akachagua mpangilio wa Kijerumani. Mimi nikakaa kuandika sentensi ya majaribio, "nyumba ya mwalimu", macho kwenye vidole kama kawaida yangu. Ikatoka "nzumba za mwalimu". Kwenye Windows plasta zinasema kweli, kwenye Mint herufi zilizo chini ya plasta ndizo zinasema kweli. Binti akashika ukingo wa kile kipande cha Y kwa ukucha.

"Mama, nizibandue?"

Nikamwambia aziache mpaka Oktoba.